Kuku Wetu wa Kwanza



Akina mama kadhaa wametuuliza, kanisani na hata dirishani pa dawa, namna ya kuanza kufuga kuku wachache nyumbani. Wameona banda nyuma ya nyumba yetu, nao wanadhani sisi ni mabingwa. Tumeonelea tuwaeleze mambo kama yalivyotokea, pamoja na yale tusiyopenda kuyasema. Mwenye kutafuta habari ya faida peke yake atuvumilie kidogo.

Magoma yetu iko bondeni. Mto Lwengera unapita katikati ya milima ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, nasi tumekaa huku chini kwenye joto, kati ya mashamba ya mkonge, mahindi na mihogo. Huku kwetu ua usio na kuku huonekana kama ua wa watu waliosafiri. Hata hivyo sisi tulikaa miaka mingi bila kuku. Kazi ya zamu haina saa, na tulizoea kusema kwamba mayai ni vitu vya kununua.

Kilichotubadilisha ni binti yetu mkubwa. Alichaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni. Ada ya kidato cha tano na cha sita Serikali iliifuta mwaka 2022, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini godoro, ndoo, shuka, sare pea mbili, viatu, madaftari, nauli ya kwenda na kurudi, vyote hivyo havikufutwa. Tulipopiga hesabu na baba watoto usiku ule, mshahara uliisha kabla ya orodha. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, alikuwa amelala chumba cha pili, au tulidhani amelala. Asubuhi akasema, "Mwanangu, mtoto wa kike husomeshwa na kuku. Baba yake mwenyewe alisomeshwa na kuku wangu."

Wiki iliyofuata akapanda mlimani kwa ndugu zake, akarudi na tenga juu ya basi: mitetea minne na jogoo mmoja mwekundu mwenye kelele. Hao ndio waliokuwa kuku wetu wa kwanza.

Baba watoto alijenga banda kwa miti ya mkonge, ile mirefu inayobeba maua, ambayo ikikauka huwa miepesi lakini imara. Akaliinua futi mbili kutoka ardhini ili kicheche na nguchiro wasichimbe chini yake, akaezeka kwa bati kuukuu na kuacha nafasi ya hewa chini ya paa. Ndani tulitandaza pumba za mpunga na kuweka vijiti vya kulalia. Jambo la hewa tunalisisitiza, maana watu wengi wa bondeni hujenga banda kama sanduku, halafu hushangaa kuku wakikohoa.

Kazi tuligawana. Kijana wetu wa darasa la sita alifungua banda asubuhi, akamwaga maji ya jana na kuosha chombo kabla ya kuweka mapya. Mdogo wake wa miaka saba alikusanya mayai jioni. Binti mkubwa, alipokuwa likizo, alifagia banda kila Jumamosi, na kinyesi kikapelekwa kwenye shimo la mbolea ya mchicha. Bibi yao ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu. Yeye ndiye aliyetufundisha kupindua chungu chenye kinyesi cha ng'ombe kikavu na nyasi zenye unyevu juu ya njia ya mchwa, ili kesho yake vifaranga wapate nyama ya bure. Chakula kingine kilikuwa pumba za mahindi, makombo ya ugali, mabaki ya dagaa na majani ya mchicha, na kuku wenyewe walijitafutia kutwa nzima.

Katika kuatamisha tulijifunza kwa kukosea. Mtetea wa kwanza tulimwekea mayai kumi na manane kwa tamaa. Mwili wake haukuweza kuyafunika yote, nayo yakawa yanapokezana baridi. Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga saba tu, yaliyobaki yakawa viza. Bibi alicheka sana. Wa pili tulimwekea kumi na mawili, akatotoa kumi. Tulijifunza pia kuyamulika mayai kwa tochi gizani baada ya wiki moja: lenye mishipa myekundu kama mizizi lina uhai, lililo jeupe lote halina kitu, na hapo mtetea apunguziwe mzigo.

Vifaranga wa kwanza mwewe aliwachukua watatu kwa siku mbili. Tukaanza kuwafungia wiki za mwanzo pamoja na mama yao ndani ya tenga kubwa lililofunikwa chandarua kilichochakaa. Hapa tunaomba tuwaonye wenzetu kama watu wa hospitali. Tuliwahi kusikia ushauri wa kuwapasha vifaranga joto kwa jiko la mkaa chumbani wanamolala watoto, milango ikiwa imefungwa. Ndugu zetu, moshi wa mkaa usioonekana huua kimya kimya, nao hauchagui kati ya kifaranga na mtoto. Kama kuku mwenyewe yupo, mwache awakumbatie wanawe; joto lake linatosha. Kama hayupo, tafuteni sanduku, nguo nzito na chupa za maji ya moto. Jiko libaki nje.

Jambo jingine la hospitali ni mikono. Mtoto akishika kuku, yai au chombo cha maji ya kuku, na anawe kwa sabuni kabla hajala. Mdogo wetu alikuwa na tabia ya kumbusu kifaranga mdomoni, tena kwa mapenzi makubwa. Kinyesi cha kuku aliye mzima kabisa kinaweza kubeba vijidudu vya kumharisha mtoto na kumletea homa. Tulimnyang'anya kifaranga, akalia siku nzima. Ilibidi tumruhusu awape majina, ndipo amani ikarudi.

Na mayai yenyewe je? Hapo nasi tuliona haya. Kliniki tunawahimiza akina mama kila wiki: mama, mpe mtoto yai, yai ni chakula cha kujenga mwili. Kumbe nyumbani kwetu mayai yalikuwa yakihesabiwa, yakifungwa kwenye trei na kupelekwa dukani, nayo fedha ikirudi kama soda na maandazi ya kupeleka shuleni. Mwezi wa tatu wa ufugaji wetu ndipo tulipogundua kwamba mdogo wetu hajala yai hata moja la kuku wake mwenyewe. Tukaweka sheria: yai moja kwa kila mtoto mara tatu kwa wiki, yatakayobaki yaatamiwe au yauzwe. Mama mkwe alinung'unika, kwa kuwa alipokuwa msichana aliambiwa kwamba mjamzito asile mayai, mtoto atazaliwa bila nywele, na mtoto mdogo akizoea mayai atakuwa mwizi. Tulimwambia, "Mama, sisi tumezalisha wanawake waliokula mayai na wasiokula, na vipara tumeviona pande zote mbili." Alicheka, lakini aliendelea kuangalia mifuko ya wajukuu wake.

Basi miezi minane ilipita, tukawa na kuku thelathini na saba wakubwa kwa wadogo. Tulishauza majogoo sita na godoro likanunuliwa. Baba watoto alianza kusema habari ya kuku mia. Ndipo ikaja ile Jumamosi ya gulio.

Tulikwenda kununua nyanya, tukakutana na mtu anauza mitetea mitatu kwa bei ya chini mno. Bei ile ingetosha kutuuliza swali, lakini furaha ya kupata kitu rahisi huziba masikio. Tukawanunua, tukafika nao nyumbani, tukawaachia wachangamane na wenzao jioni ile ile. Siku ya Jumanne mmoja wao alikuwa amejikunyata pembeni, mbawa zimeshuka, macho yamefumba, na kinyesi chake ni cha kijani. Tukasema, heri tumchinje kabla hajafa, tusipate hasara. Tulimchinja. Manyoya na matumbo tukayatupa nyuma ya jiko, na kuku wetu wakaja mbio kudonoa.

Wasomaji watatuuliza: na ninyi ni wauguzi? Ndiyo. Tunajua kumtenga mgonjwa, tunajua kuchoma taka. Lakini yale tuliyoyajua kazini hatukuyavusha kizingiti cha jiko letu.

Jumatano asubuhi akapiga hodi mama jirani. Yeye ni mjane, mwenzetu wa kwaya, na watoto wetu wamekua pamoja. Alikuwa na wageni wa mahari ya mdogo wake, akataka kuku wawili wa kulipia kwa fedha taslimu. Akasimama mbele ya banda akasema, "Mama Nesi, kuku wenu wamenenepa, Mungu amewabariki." Baba watoto akatuita pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Muuzie. Kama ni ugonjwa, hatujui kesho kutakuwaje." Tukamkamatia wawili waliokuwa bado wamechangamka, akatupa shilingi elfu thelathini. Alipouliza kama ni wazima, tulijibu, "Wazima kabisa." Wageni wake wakachelewa hadi Jumapili, kwa hiyo akawaweka kuku wale pamoja na wake.

Jumatatu iliyofuata tulifungua banda tukakuta watano wamekufa. Wengine walikuwa wakihema kwa kupanua mdomo, wengine shingo zimepinda zikitazama juu, wanazunguka kama walevi. Jumatano walikufa kumi na mmoja. Kijana wetu alichimba shimo, akachoka, akachimba jingine. Jogoo mwekundu alikufa siku ya Ijumaa, na nyumba ikawa kimya alfajiri hata tukachelewa kuamka. Katika kuku wote walibaki watatu: mtetea mmoja wa wale wanne wa kwanza na matembe wawili.

Mdogo wetu aliuliza kama kuku wanakwenda mbinguni. Hatukuwa na jibu la haraka, tukampa uji.

Lakini kilichofuata kilitutia doa kuliko vifo vyenyewe. Jioni moja, tukiwa tumekaa ukumbini, mama mkwe akasema, "Yule alisimama pale akawasifu. Hakusema mashallah wala nini. Alisema wamenenepa, na wiki haikupita." Hakuna aliyemuuliza yule ni nani. Sote tulijua. Na sisi, ambao tulikuwa na ufunguo wa jambo lile mkononi, ambao tulijua ni nani aliyemuuzia nani nini, tulinyamaza. Ukimya wetu ulikuwa na manufaa. Maana ikiwa ni jicho la jirani, basi si gulio, si matumbo nyuma ya jiko, si lile neno "wazima kabisa".

Maneno ya aina hiyo hayakai ndani. Watoto wakaacha kwenda kucheza kwake. Kijana wetu akaanza kuzunguka njia ndefu akienda kuchota maji. Kwenye kwaya tulikaa benchi jingine, kwa kisingizio cha sauti ya pili. Tulisikia kwamba kuku wake nao wamekufa, na mtu mmoja akasema kwa kicheko, "Uchawi umemrudia." Tulisikia, tukaendelea kukunja nguo. Tumefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, nasi tulipitisha Jumapili nne namna hiyo, tukitoa sadaka huku tunajua kabisa yaliyoandikwa katika Mathayo sura ya tano kuhusu sadaka na ndugu mwenye neno juu yako.

Afisa mifugo alikuja kijijini kwa shughuli zake, nasi tukamwita. Hakuhitaji hata kukaa. Alipoelezwa mbawa, kinyesi cha kijani na shingo zilizopinda, alisema ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kizungu umepewa jina la mji wa Newcastle huko Uingereza, ambako ulitambuliwa mwaka 1926, lakini kuku wa Korogwe hawahitaji kuujua mji huo ili wafe. Unaletwa na kirusi. Hauna dawa. Hakuna sindano, hakuna mwarobaini, hakuna pilipili wala kidonge cha binadamu kitakachomponya kuku aliyekwisha kuupata, ingawa kila mmoja wetu alijaribu kimojawapo. Unasafiri kwa kinyesi, kwa makohozi, kwa nyayo za viatu, kwa tenga lililobeba kuku mgonjwa, kwa manyoya na matumbo yaliyotupwa ovyo. Binadamu anayewashika kuku wagonjwa anaweza kupata macho mekundu kwa siku chache. Baba watoto alikuwa nayo, nasi tulidhani ni vumbi.

Kisha akauliza, "Mliingiza kuku mgeni?" Tukasema ndiyo. "Lini?" Tukamtajia Jumamosi ya gulio. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Kuku mgeni hukaa peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa," akasema. Halafu akatutazama usoni. "Na chanjo je? Mama Nesi, wewe unachanja watoto wa kijiji kizima. Mtoto akikosa chanjo ya surua ya miezi tisa, au ile ya miezi kumi na minane, unamfuata mama yake hadi shambani. Kuku wako umewachanja lini?"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka akipeta mchele. Ungo ulisimama.

Chanjo yenyewe, ndugu wasomaji, si kitu cha ajabu. Inaitwa I-2. Ilitengenezwa Australia mahsusi kwa ajili ya kuku wa vijijini, na hapa Tanzania inatengenezwa pia. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, ingawa si ya kuachwa juani. Sisi wa kisanduku cha baridi tunalijua hilo. Ni tone moja tu, katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wanaochanjwa ni kuku wazima, kabla ugonjwa haujaingia, maana kinga huhitaji wiki moja au mbili ili ijengeke. Kumchanja aliyekwisha kuugua ni kupoteza tone.

Tatizo ni moja. Chupa moja inatosha kuku wengi, mia na zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba kusubiri mwezi ujao. Sisi tulikuwa na kuku watatu. Afisa akasema, "Lazima muwe wengi. Tena mchanje nyumba zote za jirani siku moja. Ukichanja wako ukaacha wa jirani, ugonjwa utakaa kwake ukikungojea wewe ununue vifaranga wapya." Akatuambia pia tuchome matandiko yote, tusugue banda, tupake chokaa, na tukae wiki kadhaa bila kuingiza kuku mwingine.

Usiku ule baba watoto alichukua daftari akaanza kuandika majina ya kaya: huyu ana kuku ishirini, huyu kumi na wanne, yule ana bata pia. Aliandika kaya tisa. Kijana wetu alikuwa akisoma kwa mwanga ule ule, akainua kichwa akauliza, "Na kwa mama jirani?" Baba yake akasema, "Kuku wake wamekufa." Mtoto akajibu, "Na wetu wamekufa."

Hatukulala vizuri.

Kesho yake jioni tulikwenda. Tulimkuta anapukuchua mahindi, akatukaribisha na kutupatia kigoda, kama vile hakuna lililotokea, na hilo lilituumiza zaidi. Tulijaribu kuanza na habari za kwaya. Kisha tukasema moja kwa moja kwamba kuku wale wawili tuliomuuzia walitoka katika banda lenye mgonjwa, kwamba tulimchinja mgonjwa siku moja kabla, na kwamba tuliposema wazima kabisa tulikuwa na shaka moyoni.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akasema, "Nilijua."

Tukamuuliza tangu lini. "Tangu wa kwanza kufa. Walianza kufa hao wawili wenu, Jumapili, kabla hata wageni hawajafika. Wangu walikuwa kumi na wanne. Nilikuwa nimewaweka kwa ajili ya sare na viatu vya huyu wangu wa kidato cha kwanza. Amekwenda na viatu vya kaka yake." Akaweka gunzi chini. "Nikasema, Mama Nesi atakuja kuniambia. Nikangoja. Nikasikia badala yake kwamba mimi ndiye mchawi."

Hakuna neno la hospitali wala la kanisani lililotujia hapo. Tulimwomba radhi. Tulimpa shilingi elfu thelathini zake, akazihesabu, akazifunga pembeni ya kanga. Akasema, "Hizi ni za wale wawili. Na wale kumi na wanne?" Alikuwa na haki kuuliza. Tulimwambia hatuna fedha hiyo kwa sasa, ila mtetea wetu mmoja amepona, na akiatamia, nusu ya vifaranga ni vyake, na uzao unaofuata vile vile, mpaka watimie kumi na wanne. Alifikiri kidogo. "Vifaranga nitapokea," akasema. "Lakini hilo jina la uchawi, mliondoe ninyi wenyewe. Mimi siwezi kwenda mlango kwa mlango."

Hilo lilikuwa gumu kuliko fedha. Baba watoto alikwenda kwa zile kaya tisa kukusanya michango ya chanjo, na kila alipofika alieleza kwanza kwamba ugonjwa uliingia kijijini kwa kuku aliowanunua yeye gulioni, na kwamba yeye na mkewe ndio waliomuuzia jirani. Wengine walicheka. Mmoja alikasirika, akasema na wake walikufa, nani atamlipa? Tulimpa maelezo, hatukuwa na zaidi. Mama mkwe hakusema kitu kwa siku mbili. Siku ya tatu tulimwona anavuka ua na bakuli la mchele uliopetwa, umefunikwa kitambaa. Alikaa huko hadi magharibi. Waliyozungumza hatukuambiwa, nasi hatukuuliza.

Chanjo ilifanyika asubuhi ya Jumamosi mapema, kabla kuku hawajafunguliwa, maana kuku akishatoka nje huwezi kumkamata tena hadi jioni. Tulianzia kwetu na wale watatu. Kisha tukapita nyumba kwa nyumba, mama jirani akishika daftari la majina. Alikuwa amenunua tembe mmoja kwa zile elfu thelathini, baada ya banda lake kupumzika, na alimweka peke yake wiki mbili nyuma ya choo kama tulivyoagizwa. Mama mkwe ndiye aliyemshika tembe yule, akamlaza kichwa ubavu, jicho moja juu. Tone likaanguka, tukangoja apepese. "Haya," mama mkwe akamwambia mwenzake, "wako amekwisha. Mlete mwingine." Mama jirani akacheka, "Mwingine nitamtoa wapi, bibi? Bado yuko ndani ya yai kwenu."

Mtetea wetu aliatamia mayai kumi na mawili, akatotoa kumi na moja. Watoto waligawana kwa kura uani, na lile la kumi na moja lilileta ubishi mpaka mdogo wetu akasema liende kwa mama jirani kwa sababu yeye alikuwa na kuku wengi zaidi waliokufa. Vifaranga sita wamefungwa uzi mwekundu mguuni. Tunaulegeza kila wiki, maana mguu unanenepa na uzi ungeukata.

Binti yetu mkubwa alikwenda shule na ndoo ya kuazima na shuka moja. Ya pili ilimfikia muhula wa pili. Tarehe ya chanjo inayofuata imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko, na jana jioni mama jirani alipiga hodi kuja kutuuliza kama tumeshaagiza chupa.